Harufu ya Safu ya Tatu

Niliomba kazi ya kufagia Nyumba ya Panya kwa sababu moja tu. Rama alikuwa nyapara pale, nami nilitaka kumwona kila siku mpaka nipate pa kumshika. Sitasema nilikwenda kwa njaa, ingawa njaa ilikuwepo. Nilimtaka Rama.

Nyumba ya Panya ndivyo watu wa Likoni walivyoiita. Ilikuwa maabara ya Mzungu mmoja, Daktari Harwood, jengo refu la bati kando ya barabara iendayo Tiwi. Mume wangu Faki alifanya kazi humo miaka sita, akikata majani na kuwalisha sungura. Mwaka 1958 alianza kukonda. Alikunywa mtungi mzima wa maji kwa siku na kwenda kukojoa kila mara, hata nikamtania, "Mume wangu, umegeuka mfereji." Asubuhi moja alifika kazini akipepesuka, ulimi mzito, na mdomo wake ukinuka kitu kitamu kilichochacha. Rama alimsimamisha langoni, akamnusa mbele ya wafanyakazi wote.

"Tembo!" akasema. "Saa mbili asubuhi, mwana wa Kiislamu! Huoni haya?"

Akamrudisha nyumbani kwa miguu, juani. Daktari alikuwa ndani, hatua thelathini kutoka pale, wala hakuambiwa. Faki alifika kwangu akaanguka ukumbini, na siku ya pili akakata roho.

Ingeishia hapo ningemwachia Mungu. Lakini jioni ile ile Rama aliketi kwenye baraza ya msikiti akawasimulia watu kwamba Faki kafa kwa tembo, na kwamba yeye mwenyewe kamnusa. Maneno yake yalitangulia jeneza. Maziko ya kwetu hujaza njia. Ya Faki, waliomfuata wangeenea chini ya mwavuli mmoja. Binti yangu Mapenzi alikuwa kaposwa. Arubaini haijatimia, mama wa kijana akaja kurudisha neno. Hakukubali hata kuketi.

"Damu ya mlevi, Bi. Mwanasaumu," akasema, "tutaipeleka wapi?"

Na liko jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Mimi pia nilimnusa mume wangu. Nilimpangusa mdomo akiwa anahema, na harufu ile niliipata, tamu, kali, kama tembo la jana. Miaka kumi na tisa nimekaa naye sikumwona akigusa kileo, wallahi, lakini pua yangu ilisema neno jingine. Kwa hiyo Rama hakunichukulia mume tu. Alinitia shaka juu ya mume, nami nikakaa eda yangu yote, miezi minne na siku kumi, nikimlilia mtu huku namhoji.

Eda ilipokwisha nilikwenda langoni kuomba kazi. Rama alicheka kwa pembe ya mdomo.

"Karibu, Bi. Mwanasaumu. Mungu amrehemu marehemu, amsamehe na udhaifu wake."

"Ahsante, Bwana Rama," nikasema. Nikapokea ufagio.

Mwaka mzima nilimtazama. Nilijua anapoweka funguo, anapokohoa, anayemwogopa. Sikupata kitu. Rama hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa mtu wa ulimi, na ulimi hauachi alama sakafuni. Chumba cha panya chenyewe hakuingia. Mikia yao ilimtia kinyaa, hivyo amri zake alizitoa mlangoni, kitambaa puani.

Mle ndani alikuwamo Nicanor Odhiambo, kijana wa kutoka bara, Mkristo, msaidizi wa Daktari. Alikuwa mpole na mdadisi, akipenda kueleza kila anachofanya, hata kwa mfagiaji. Alipogundua kwamba nimesoma hadi darasa la nne na hati yangu inasomeka, alinipa kalamu niwe naandika hesabu zake wakati mikono yake imeshika panya.

Panya walikuwa weupe, wadogo, wakikaa katika safu. Kabla ya Ramadhani ya mwaka 1960 ililetwa safu mpya, ya tatu. Siku ya nne nilimwita Odhiambo.

"Mwanangu, hawa wa safu ya tatu wana nini? Chupa zao za maji nazijaza asubuhi, adhuhuri ni tupu. Maranda yao yanarowa kabla sijageuka."

"Ni wagonjwa wa sukari, mama. Daktari aliwapiga sindano ya kuharibu kongosho. Sukari inajaa kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia, ndiyo maana wanakunywa na kukojoa hivyo."

Nilisimama na ndoo mkononi.

Wiki ya pili ya Ramadhani tulifanya jaribio lenyewe. Jioni ya kuamkia siku ile chakula cha panya kiliondolewa, yakabaki maji tu. Odhiambo alinitania, "Leo mama, nyinyi na panya mko kwenye mfungo mmoja, ila wenzako wanaruhusiwa maji."

"Wao hawatapata thawabu," nikamwambia. Akacheka.

Kazi ilikuwa hivi. Kila panya alipimwa uzito kwenye mizani, maana dawa yake ilikwenda kwa uzito. Kisha Odhiambo alikata ncha ya mkia, ndogo mno, akaminya tone la damu, akalitayarisha na kulidondosha juu ya kidonge cheupe. Alisubiri, akakilinganisha na karatasi ya rangi. Kidonge kikibaki cheupe, hamna kitu. Kikigeuka zambarau, ketoni zimo. Na kadiri zambarau inavyokoza ndivyo zilivyo nyingi. Baada ya hapo alimchoma panya sindano ya tumbo, ya maji yaliyotiwa hizo ketoni zenyewe, ndipo saa ikaanza kuhesabiwa. Tone jingine baada ya robo saa, jingine nusu saa, jingine saa moja, jingine saa mbili. Mimi nilitaja wakati na kuandika namba.

"Ketoni ni nini hasa?" nikamuuliza.

"Mwili ukikosa sukari ya kuchoma, mama, unachoma mafuta. Ketoni ndizo zinazotoka humo. Mtu aliyefunga anazo kidogo, wala hazimdhuru, mwili wake unazitumia. Ndilo tunalotaka kujua leo: ukimpa panya nyingi kwa mara moja, atazimaliza kwa muda gani?"

Panya wazima walizimaliza. Robo saa vidonge vyao vilikoza kama zambarau mbivu, saa moja vikafifia, saa mbili vikarudi karibu na weupe. Safu ya tatu haikuwa hivyo. Wao walianza na rangi hata kabla ya sindano, na saa mbili zilipotimia vidonge vyao vilikuwa vyeusi kabisa. Panya mmoja alilala ubavu, akihema kwa kina, kifua kikipanda na kushuka. Niliinama kumtazama.

Ndipo harufu ikanijia. Tamu, kali, kama tembo la jana.

"Odhiambo. Harufu hii."

"Ni hizo ketoni, mama. Zikizidi hutoka kwa pumzi na kwa mkojo. Hata binadamu mwenye sukari ikimzidi hunuka hivyo, anapepesuka, anaongea kama mlevi. Wengine hufia rumande, polisi wakidhani wamelewa. Angepata dawa mapema..."

Alikatiza hapo, maana alimjua mume wangu na alijua lililosemwa. Sikulia. Nilichosema moyoni kilikuwa, Faki, nisamehe mimi kwanza. Na cha pili kilikuwa jina la Rama, na safari hii nilijua pa kumshika.

Ningeweza kwenda kwake nikamweleza. Angesema, "Haya ni maneno ya vitabu vya Wazungu." Ulimi wake ungepata pa kupitia. Nilitaka pua yake imhukumu, mbele ya watu, kama ilivyomhukumu Faki.

Jumatatu iliyofuata jaribio lilirudiwa, na Daktari alikuwepo. Nilipotoa maranda ya safu ya tatu sikuyapeleka shimoni. Niliyatia kwenye ndoo, nikafunika kwa gunia, nikaiweka kivulini kando ya lango, pale wafanyakazi wanapopanga mstari saa nane mchana kutoka kazini. Joto la mchana liliipasha. Mstari ulipokamilika nilipita nikalivuta gunia kwa mguu. Odhiambo alikuwa amesimama karibu nayo, na hilo nakiri sikulipanga vizuri.

Rama alikuja na orodha yake. Akasimama. Akanusa.

"Tembo," akasema. Akanusa tena, sauti ikapanda. "Tembo! Mwezi mtukufu huu! Nani kaleta tembo humu?" Macho yakamwangukia Odhiambo. "Ni wewe! Mkinywa huko kwenu kunyweni, lakini usituletee uchafu wako hapa na sisi tumefunga!"

"Sijanywa kitu, Bwana Rama," alisema Odhiambo, masikini.

"Mimi pua hii hainidanganyi! Naijua harufu ya tembo kama ninavyomjua mama yangu!"

"Rudia, Bwana Rama," nikasema. "Una hakika?"

"Hakika kama nilivyosimama hapa!"

Daktari alikuwa katoka kwa zile kelele. "Nini hii, Rama?"

"Mtu huyu kalewa, bwana. Ananuka."

Nikaichukua ndoo, nikaiweka miguuni pa Rama. "Nusa, Daktari. Kisha mwambie nyapara wako ni nini."

Daktari aliinama mara moja tu. "Hapana pombe," akasema. "Hii ni mkojo ya panya. Panya ya sukari. Harufu ya ketoni, Rama. Watu mingi nakosea hivi."

Wengi wa waliokuwa kwenye mstari walikuwapo siku ile Faki alipopepesuka langoni.

"Panya hawa wamekunywa wapi tembo, Bwana Rama?" nikauliza. "Mgema wao nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Na harufu hii, kwa kidogo, hata wewe unayo leo kwa kufunga. Basi nawe umelewa kidogo?"

Hilo la mwisho nilistaghfiru usiku wake, maana pumzi ya aliyefunga tumefundishwa kuwa mbele ya Mungu ni bora kuliko miski, na si kitu cha kumkejelia mtu. Mengine sikuyastaghfiru. Odhiambo nilimwomba radhi siku ile ile, naye akasema, "Si kitu, mama. Ila siku nyingine niambie nisimame mbali."

Daktari aliniita ndani. Aliuliza habari za Faki, tangu mtungi wa maji hadi kuhema. Kisha akavua miwani. Alisema angemwona asubuhi ile angalau angejaribu. Sijui kama hilo lilinifariji au lilinichoma zaidi.

Nilidhani Rama angekuja kwangu siku ile. Hakuja. Msikitini hakusema neno, na watu wa mtaani waliendelea kuamini la zamani, maana la langoni lilibaki langoni. Nikangoja. Nilikuwa najua kitu kimoja zaidi: Rama alikuwa kaandikisha jina lake kwenda Hija, na meli ya mahujaji ingeondoka Kilindini mwezi wa tano. Na hakuna mtu wa kwetu anayepanda meli ile bila kuwazungukia aliowakosea na kuwaomba radhi. Haki ya Mungu Mungu husamehe, lakini haki ya mja iko mkononi mwa mja.

Alikuja wiki ya kuondoka, masika yamekolea, pamoja na mkewe, na doti ya leso, kanga za zawadi, mkononi. Wifi yangu Dhahabu, dada yake Faki, alikuwa ameketi nami.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Alisema yale yasemwayo na kila msafiri. "Bi. Mwanasaumu, safari imefika. Nisameheni mnalolijua na msilolijua."

"Nisilolijua nimekusamehe," nikasema. "Ninalolijua, litaje."

Mkewe alimtazama. Rama alipangusa uso. "Lile la marehemu. Nilikosea. Sikujua kama ni maradhi."

"Uliyasemea wapi maneno yale?"

"Langoni..."

"Na wapi tena?"

"Barazani, msikitini."

"Hapa ni nyumbani kwangu. Hapa hukusema kitu. Kayafute ulikoyaandika, siku ya Ijumaa, watu wamejaa."

"Bi. Mwanasaumu, nitaonekana mzushi!"

"Utaonekana ulivyo."

"Na usiponipa radhi?"

"Meli haikagui moyo, Bwana Rama. Utapanda. Utavaa ihramu yako nyeupe, utasimama Arafa. Mimi nitakuwa hapa Likoni, nimekaa na haki yangu."

Mkewe akaanza kulia kimyakimya. Rama akaziacha leso mkekani. Dhahabu akazichukua akamrudishia mkononi. "Zitakufaa njiani," akamwambia, "ukikosa pa kujifutia jasho."

Ijumaa nilikwenda na Dhahabu, tukasimama nje ya ukuta wa msikiti, chini ya dirisha, buibui zetu zikilowa manyunyu. Swala ikaisha. Tukamsikia Rama akiomba nafasi ya kusema.

"Ndugu zangu, mimi ni msafiri. Kama yupo niliyemkosea kwa ulimi, hai au maiti, namwomba anisamehe."

Watu wakaitika, "Tumekusamehe, tumekusamehe." Nikasikia miguu inaanza kusogea. Ilikuwa inapita hivyo hivyo, wallahi, laini kama mafuta.

"Mtaje jina!" nikasema.

Sikujua kama sauti yangu ingefika. Ilifika. Ndani pakazuka minong'ono: mwanamke, nani huyo, dirishani. Kisha nikamsikia imamu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akisema, "Huyo ni mjane mwenye haki yake. Mtaje, Rama."

Dhahabu alinishika kiganja.

"Faki," alisema Rama. "Nilisema Faki kafa kwa tembo. Sikumwona akinywa. Nilinusa nikahukumu. Yalikuwa maradhi ya sukari, na mimi nilimrudisha nyumbani akiwa mgonjwa, wala sikumwambia Daktari. Nilimzulia."

Safari hii hakuna aliyeharakisha kuitika.

Rama alitukuta njiani, kofia mkononi, mvua ikimshukia kichwani. "Umesikia. Haya, nipe radhi yangu."

"Ya kwangu utaipata. Ya Faki si yangu kuigawa. Kamwombe mwenyewe, ukae kwake, umsomee."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Waulize waliomzika."

Nilimwacha palepale. Jumamosi kutwa alizunguka Likoni katika mvua akiuliza. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa swali: "Kwani wewe hukumzika?" Na kila mara ilimbidi aseme kwa nini. Mapenzi alikuwa akitoka kisimani akaniletea habari, uso wake una nuru ambayo sikuiona kwa miaka miwili. "Mama, kapita kwa Lewa. Mama, sasa yuko kwa Nyamvula, na mume wa Nyamvula kamsimamisha barazani hakumkaribisha ndani!"

"Mapenzi!"

"Abee, mama."

"Teka maji. Usicheke ya watu." Lakini nami nilikuwa nacheka.

Alasiri alibisha mlangoni. "Nimekwenda," akasema.

Nilimtazama mikono. Ilikuwa safi. Kanzu ilikuwa imelowa lakini magotini haina doa.

"Kaburi la Faki limeota majani mpaka hapa," nikamwonyesha kiuno. "Aliyefika kwake na kuketi angerudi na udongo. Wewe umesimama njiani ukatazama."

Aliinamisha kichwa. Akageuka akarudi njia ile ile.

Jumapili, jua halijatoka vizuri, alisimama tena mlangoni. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa udongo, viganja vimechubuka kwa kung'oa, na kanzu ile ya safari imeharibika kabisa kuanzia magoti. Nyuma yake, barabarani, mkewe alikuwa anangoja na sanduku, akitazama upande wa kivuko.

"Umemsomea?"

"Nimemsomea. Nimemwomba."

"Basi yangu nimekupa. Nenda."

Alinyoosha mkono, kisha akautazama ulivyo na tope, akaurudisha. Mimi sikuwa nimeutoa wangu.

Watu walinong'ona baadaye kwamba nilimdhalilisha Mwislamu aliyeshika njia ya Makka. Mama yule wa kijana aliyemposa Mapenzi, wiki haijapita, alituma mtu kuulizia kama Mapenzi bado yupo. Nikamjibu kuwa yupo, na kwamba hatuna haraka. Dhahabu aliniuliza kama moyo wangu umepoa. Nikamwambia umepoa, wifi yangu, na kukwambia kweli, ulipoa zaidi ule muda niliomrudisha kaburini mara ya pili kuliko ule niliomsamehe. Alitaka kunikanya. Kisha akavuta kigoda akaketi, akaniambia nimhadithie tena, tangu kwenye ile mikono safi.